"Unajuta wewe. Sisi je?": Neno kujuta na ndugu zake

Desemba iliyopita, siku mbili baada ya Krismasi, tulikaa kikao cha ukoo kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la urithi la ukoo, Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Wanaoijua Moshi wanajua Desemba ilivyo. Magari hupanda mlimani usiku na mchana, kila boma lina mbuzi na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na mambo yaliyofichwa tangu Januari hufumuliwa chini ya migomba. La kwetu lilikuwa la binamu yangu. Alikuwa ameuza ukanda wa chini wa kihamba cha babu, hatua kumi na mbili kwa thelathini, akanunua pikipiki. Aliuza kimya kimya wakati Baba Mkubwa amelazwa hospitali.

Alipopewa nafasi ya kusema, alisimama, akavua kofia, akasema: "Wazee wangu, najuta."

Kimya. Kuku mmoja akapita katikati yetu. Kisha Baba Mkubwa, ambaye si mtu wa kupandisha sauti, akamwuliza: "Unajuta wewe. Sisi je?"

Binamu akarudia kwamba anajuta kweli, anajuta sana, halali usiku. Alionekana kushangaa kwamba neno zito namna ile halikufanya kazi. Nilishangaa pia. Mimi kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, huko Arusha, na tangu siku hiyo neno hilo limekuwa likinizunguka kichwani. Mtu anasema ameumia moyoni kwa alilolifanya, wanaomsikiliza wanaona hajasema kitu. Nani amekosea, yeye au wao?

Tuanze na neno lenyewe. Kujuta ni kuumwa na moyo kwa jambo ulilolitenda mwenyewe, au uliloacha kulitenda, baada ya kuyaona matokeo yake. Ndani yake mna mkono wako, mna maumivu yako, na mna kuchelewa. Ondoa kimoja kati ya hivyo na neno litakataa kukaa. Mvua za masika zikigoma, mkulima wa Machame atasema anasikitika, atasema roho inamuuma, lakini hawezi kusema anajuta, kwa sababu hakuizuia yeye. Akikumbuka kwamba aliambiwa apande mapema akapuuza, hapo neno linamwenea.

Ndiyo maana msemo wa "najuta kuzaliwa" una makali yake. Hakuna aliyeombwa maoni kabla ya kuzaliwa. Anayesema hivyo anajitwika kosa asilolifanya, na msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba mambo yamepita kiasi. Vivyo hivyo "utajuta kuzaliwa" la wagomvi. Na ukilichunguza tisho la "utajuta!" peke yake, utaona ujanja uliomo. Anayetisha hasemi "nitakuumiza". Anasema wewe mwenyewe utakuja kuumia kwa mkono wako, yeye atakuwa pembeni tu akitazama.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kujuta hakudai dhambi. Waulize wagumu, wale wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro. Watakwambia ni mara ngapi wamemsikia Mtanzania mwenzao, aliyepanda kwa hiari yake na kwa fedha yake, akisema saa nane za usiku huku meno yakigongana: "Nimejuta!" Hajamkosea mtu. Amejikosea mwenyewe, tena kwa muda tu, kwa maana akishafika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akapiga picha na lile bango, majuto yote yanayeyuka. Mtu hujuta kununua viatu vya mtumba Kiborloni bila kuvijaribu. Hujuta kuchagua basi la saa nne badala ya la saa mbili. Neno ni lile lile analolitumia aliyeua.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia, nadhani. Kwa kuwa linabeba makubwa na madogo, kila mmoja hulipima kwa mizani ya alichonacho moyoni wakati huo. Binamu alilisema kwa uzito wa aliyeua, Baba Mkubwa akalisikia kwa uzito wa viatu vya mtumba.

Kuhusu sarufi nitapita haraka, ila mhariri hawezi kunyamaza kabisa. Kujuta hukaa vizuri na kitenzi kingine: najuta kuuza, najuta kutokumsikiliza mama. Ukitaka kulitaja jambo lenyewe, ongeza mnyambuliko: naijutia biashara ile, anaujutia uamuzi wake. Siku hizi naletewa "amejuta uamuzi wake" karibu kila wiki, nami kila wiki narudisha ile -i- mahali pake. Upo pia mnyambuliko wa kujutisha, ambao ni wa wenye hasira: "nitakujutisha." Majuto huenda kwa wingi kama mawazo na masikitiko: majuto yake, majuto makubwa. Juto moja sijalisikia likisemwa mtaani, na pengine ni sawa, kwa kuwa yakija huja kwa kundi.

Sasa methali. Hakuna Mswahili asiyeijua: majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume. Tunaitamka kwa mazoea kiasi kwamba hatuulizi kwa nini mjukuu. Kwa nini majuto yasiwe mtoto, au mgeni, au mvua?

Jibu la kwanza ni la hesabu ya umri. Mtoto anakuja mapema, una nguvu bado, unaweza kumrekebisha. Mjukuu huja ukiwa umeshamaliza karibu yote ya kufanya, na huwezi kumpata bila kupitia mtoto. Kitendo ndicho mtoto, uliyemzaa mwenyewe. Matokeo ya kitendo ndiyo mjukuu, ambaye hukumzaa wewe lakini huwezi kumkana. Jibu la pili limo katika neno kinyume. Lisikilize vizuri, utaisikia nyuma ndani yake, kama katika kinyumenyume. Majuto hayaji kwa mbele mkatazamana, yanakujia mgongoni wakati unatazama unakokwenda. Na sikio nalo lina haki yake: majuto na mjukuu yanagongana sauti, na methali nyingi zimeishi kwa sababu tu zinapendeza mdomoni.

Mimi nina jibu la tatu, ni langu mwenyewe, msinibebeshe wataalamu. Katika jamii zetu nyingi mjukuu na babu wana utani. Mtoto hathubutu kumcheka baba yake, ila mjukuu anaruhusiwa kumwita babu mume mwenza, kumvuta ndevu, kumwambia amezeeka vibaya. Majuto nayo hukujia hivyo. Hayakupigi, yanakutania. Unalala, yanakuuliza: ilikuwaje, babu, ukasaini karatasi ile bila kuisoma?

Kule kikaoni methali hiyo ilitolewa, kama mlivyotarajia. Shangazi aliianza, Baba Mkubwa akaidaka katikati kwa kumnyooshea binamu fimbo: "Majuto ni mjukuu. Na huyu hapa ndiye mjukuu mwenyewe." Watu wakacheka. Hata binamu alicheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba hakuwa amealikwa kucheka.

Neno hili, isitoshe, limekuwa jina la watu. Waswahili tuna desturi ya kuwaita watoto kwa yaliyokuwa yakitusibu walipozaliwa: Shida, Tabu, Masumbuko, Sikujua, Sikudhani, na Majuto. Aliyelibeba jina hilo mbali kuliko wote ni mchekeshaji wa Tanga, Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto hadi alipofariki Agosti 2018. Kwa miaka mingi mtu akisema Majuto Tanzania, la kwanza kuja usoni lilikuwa tabasamu.

Kujuta kuna ndugu ambao hukaa nao nyumba moja na mara nyingi huvaa nguo zao. Kughairi ni kubadili nia, na mara nyingi hutangulia tendo: aliyeghairi safari hakupanda basi. Mwenye bahati hughairi, asiyekuwa nayo hujuta. Kusikitika ni huzuni isiyohitaji kosa lako, ndiyo maana tangazo la msiba redioni huanza na "tunasikitika kutangaza kifo cha". Ukiandika "tunajuta kutangaza kifo cha" polisi watataka kuzungumza nawe. Kisha kuna kusutwa na nafsi, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Anayejua kusuta mitaani anajua ni shughuli: unamwendea mtu mlangoni kwake, na mashahidi nyuma yako, unamweka wazi mbele ya majirani kwamba alilosema ni uongo. Nafsi inapokusuta, basi, imekuja na mashahidi, na mlango ni wako.

Yapo pia majuto yasiyotamka neno majuto kabisa, yaliyojificha katika viambishi. Ningejua. Ningalijua. Nisingeuza. Kiswahili kimeyatengea majuto kipande kidogo katikati ya kitenzi. Shuleni tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana, na -ngali- ni ya mlango uliokwisha kufungwa. Ningekuwa na fedha ningenunua: labda nitapata. Ningalikuwa na fedha ningalinunua: kiwanja kimeshachukuliwa. Mtaani tofauti hiyo imekaribia kufa, -nge- inafanya kazi zote mbili, na wengine wana -ngeli- yao ambayo walimu hawajamaliza kuigombea. Mimi naisikitikia -ngali-. Ilikuwa inakwambia mapema kwamba mlango umefungwa, usisubiri. Mbele ya viambishi hivyo husimama laiti, tuliyoipata kwa Kiarabu, ambayo kazi yake ni kufungua sentensi isiyoweza kutimia. Laiti ningalijua.

Mfano mkubwa wa majuto ya namna hii umeigusa Moshi yenyewe. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933, kimojawapo cha vyama vya kwanza vya wakulima Waafrika katika nchi hii. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Wazee wa kwetu waliokuwa wakipeleka kahawa ushirika bado wanausimulia mwaka huo kwa sauti ya chini. Mwaka 1982 ilipitishwa sheria ya kuurudisha ushirika. Na mwaka 1984, katika mahojiano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kama angeanza upya, kuna mambo asingeyarudia, akataja kuondoa serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Ukiyaweka maneno hayo kwa Kiswahili, hayahitaji najuta hata mahali pamoja. -Nge- inajitosheleza: angeanza upya, asingefanya. Wapo wanaosema kiongozi akisema hivyo amekwepa. Kwangu, -nge- yenye jambo la kutajwa kwa jina ina uzito kuliko najuta isiyotaja kitu. Binamu, kumbukeni, alisema anajuta. Hakusema asingeuza.

Tuje kwenye toba, kwa sababu wengi huitumia kama kwamba ni majuto yaliyovaa kanzu. Toba na kutubu tumevichukua kwa Kiarabu, na katika lugha hiyo asili ya neno ni kurudi. Unaweza kujuta ukiwa umekaa kitandani. Kutubu lazima uinuke, ugeuke, urudi ulikotoka. Masheikh wanapoifundisha toba hutaja majuto kama sharti mojawapo tu: uache kosa, ujute, uazimie kutolirudia, na kama ulichukua haki ya mtu, umrudishie. Ipo hadithi mashuhuri inayosema majuto ni toba, lakini waielezao husema maana yake ni kwamba majuto ndiyo nguzo yake kubwa, na nguzo moja haijawa nyumba.

Upande wa makanisani, ambako ukoo wetu mkubwa ndiko uliko, tofauti hiyo hiyo imo katika Biblia ya Kiswahili. Yuda alipoona Yesu amehukumiwa, Mathayo anasema alijuta. Hakukosa majuto Yuda. Hata vile vipande thelathini vya fedha alivirudisha. Kisha akaenda kujinyonga. Naye Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anataja toba iletayo wokovu, ile isiyo na majuto. Nilipokuwa kijana mstari huo ulinichanganya: toba isiyo na majuto ni toba gani? Sasa nadhani naelewa. Aliyerudi kweli hana haja ya kuendelea kuitazama njia aliyopotelea.

Sasa maneno tunayopeana mkononi. Samahani, nisamehe, niwie radhi, pole, na siku hizi sori. Haya hayasemi mimi najisikiaje, yanamgeukia mwenzako. Kusamehe ni neno la madeni pia: mtu husamehewa kodi, husamehewa mkopo. Anayesema nisamehe anakiri kwamba anadaiwa, na anaiacha karatasi mikononi mwa anayemdai. Radhi inakwenda mbali zaidi. Ni ile ile ya radhi za wazazi, hali ya moyo ulioridhika. Niwie radhi maana yake naomba moyo wako utulie juu yangu, na anayeombwa anaweza kukataa bila kuvunja adabu yoyote. Pole haina kosa ndani yake. Nimemwona mgeni amejikwaa pale Mnara wa Saa Arusha, kijana wa kuuza ramani akamwambia "pole sana", mgeni akajibu kwa upole kwamba si kosa lake. Sori ndiyo iliyokuja kuvuruga hesabu, maana mtaani inasimama badala ya samahani, badala ya pole na badala ya nisamehe, na ukiambiwa sori na aliyekula fedha za kikundi hujui umepewa ipi.

Nisiache kulitaja lile tangazo tunalobandikiwa maofisini: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Kitazame hicho kitenzi. Usumbufu umejitokeza. Hakuna aliyeutokeza, umekuja wenyewe, umejileta, kama uyoga. Kuna na toleo la mbele zaidi, "usumbufu utakaojitokeza," ambapo tunaombwa radhi kwa kosa ambalo bado halijafanyika na ambalo, likifanyika, litajifanya lenyewe. Nimehariri matangazo ya aina hiyo na nakiri sikuwahi kuthubutu kuandika "tuliousababisha".

Yote haya yangekuwa mchezo wa maneno tu kama mji wa Arusha usingekuwa mahali ambapo uzito wa majuto ulipimwa mbele ya majaji, kwa kesi zisizosemeka bila kushusha pumzi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilifanya kazi zake katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na Kinyarwanda kilisikika kwa wakalimani. Kiswahili kilikuwa nje, kwa madereva wa teksi, wapishi na wauza vocha. Lakini swali lililoulizwa mle ndani ni lile lile la Baba Mkubwa.

Jean Kambanda alikuwa waziri mkuu wa serikali ya muda ya Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Tarehe 1 Mei 1998 alikiri mashtaka yote sita. Watetezi wake waliieleza mahakama kwamba huko kukiri kwenyewe ni ishara ya majuto. Majaji hawakukubali. Walisema kukiri kosa hakuna tafsiri hiyo moja tu, na wakaandika kwamba Kambanda hakueleza kwa nini alishiriki kwa hiari, hakuonyesha majuto wala huruma kwa waathirika, ingawa siku moja kabla ya adhabu alipewa nafasi ya kusema. Septemba 4, 1998 akapewa kifungo cha maisha. Miezi mitano baadaye, Februari 1999, alisimama pale pale Omar Serushago, aliyekuwa kiongozi wa Interahamwe, wanamgambo walioshiriki mauaji hayo, huko Gisenyi. Naye alikiri. Ila yeye alizungumza: alionyesha majuto, akaomba msamaha kwa waathirika na kwa watu wa Rwanda. Alipewa miaka 15. Majuto hayakuwa sababu pekee ya tofauti hiyo, maana cheo cha mtu na ushirikiano wake na waendesha mashtaka navyo vilipimwa. Lakini yalihesabiwa.

Kwa hiyo kuna kukiri: nimefanya. Kuna kujuta: naumia kwamba nimefanya. Kuna kuomba msamaha: ninyi niliowafanyia, nawaelekea. Mtu anaweza kufika la kwanza akakomea hapo, kama waziri mkuu yule. Mahakama zetu za kawaida nazo zinajua hivyo. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mshtakiwa anapoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, karibu kila mara utasikia "nina familia inayonitegemea" ikitangulia na "najutia kosa langu" ikifuata. Hakimu mzoefu hasikilizi neno lenyewe. Anasikiliza kama baada ya "najutia" kutatajwa aliyeibiwa.

Turudi Kibosho, maana kikao hakikuishia kwenye kicheko. Binamu alikaa chini na "najuta" zake nne au tano, na watu wakaendelea na mbege. Nilimfuata nyuma ya jiko nikamwambia, kwa ujinga wangu wa kihariri, kwamba neno alilotumia linamwangalia yeye mwenyewe na ajaribu lingine. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa abadilishe shati wakati nyumba inaungua. Aliyemsaidia ni shangazi.

Wachaga wana mmea uitwao sale, wenye majani marefu membamba. Ndio tunaoupanda mipakani mwa kihamba, ndio utakaouona kando ya makaburi ya wazee. Jani lake, likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, ndilo ombi la msamaha, na kwa desturi aliyepelekewa hatakiwi kulikataa. Kwa kawaida hupelekwa na mtu wa kati, maana mkosaji hastahili kujisemea. Sasa fikirini hali ya binamu: masale ya mpaka wa chini ndiyo yale yale ambayo mnunuzi alikuwa ameyang'oa. Shangazi alilazimika kwenda kuomba jani kwa jirani.

Alilileta jioni, akamwekea Baba Mkubwa mkononi bila hotuba. Mzee alilishika muda mrefu, akaligeuza upande mmoja na wa pili. Binamu alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, na safari hii hakusema lolote. Hatimaye Baba Mkubwa akamwuliza mambo matatu, kwa sauti ile ile ya mchana: pikipiki imebaki kiasi gani, mnunuzi ni mtu wa kuongeleka, na bei ilikuwa ngapi hasa. Binamu akajibu yote matatu. Bei aliyoitaja ilikuwa tofauti na ile aliyoitaja mchana, na hakuna aliyemkatisha.

Mnunuzi ameshaweka mawe ya msingi, ila amekubali kurudishiwa fedha yake pamoja na gharama za mawe, akipewa hadi mwisho wa mwaka. Binamu anaendesha bodaboda mjini Moshi, na kila Jumamosi jioni hutuma alichopata kwenye simu ya shangazi. Wiki iliyopita nilimpigia kumjulia hali, na nikiri nilikuwa namwinda aniambie tena kwamba anajuta, nione litasikikaje. Hakuniambia.

"Bado milioni moja na laki nne, kaka," alisema, akakata simu, maana alikuwa na abiria.